Leseni kwa Jina Langu

Nyanchwa, Kisii
9 Juni 2025

Baba Pam,

Sikupigii simu. Tulikubaliana mambo mazito tuyaandike, kwa sababu kwenye simu wewe huongea juu ya maneno yangu, mimi nalia, na salio linaisha kabla hatujasema la maana. Barua haikatwi katikati. Abner wa lori akimaliza kushusha ndizi za watu hapa mjini nitampa hii aje nayo Ekerenyo, na nimemwambia asikuachie mpaka uifungue akikuona.

Watoto ni wazima. Jeconia ameota jino la pili na ameamua hakuna mtu wa kulala nyumba hii. Pam anakuuliza kila siku.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi ameingia mtu dukani na utepe wa kupimia. Nikadhani ni wa stima. Nikamwambia, "Mita iko nyuma, zunguka."

Akacheka. "Mama, mimi si wa stima. Mimi ni wa afya ya umma. Nimekuja kukagua mahali pa pombe."

"Pombe ya nani?"

"Yako. Wewe si Millicent Ombok?"

"Ndiye mimi."

"Basi ni yako. Umeomba leseni."

Mama Bonareri alikuwa amesimama hapo na majani yake ya chai mkononi. Unamjua vile alivyo, nguzo ya maombi ya wanawake. Aliweka majani juu ya kaunta, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya polepole kama mtu aliyeambiwa kuna kifo. Akaondoka bila chenji yake. Kabla jua halijazama mlima mzima huu wa Nyanchwa ulikuwa unajua mimi nafungua baa.

Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alipima mlango, akaangalia choo, akasema kwa umbali wa shule tumepita kwa hatua chache tu. Aliniambia ombi ni la kuuza pombe ya kubeba, na liko kwa jina langu kwa vile kibali cha duka ni cha jina langu. Kamati itakaa tarehe tatu Julai. Nilikuwa naitikia "ndio, ndio" kama mtu anayejua. Nilikuwa naona aibu mgeni ajue kwamba yeye ndiye anayenipa habari za duka langu.

Naomba kitu kimoja. Niandikie kwa mkono wako kama ni wewe uliyefanya hivi, na kwa nini. Sitaki "tutaongea."

Wako,
Millicent


Ekerenyo, Nyamira
12 Juni 2025

Nyar Rongo wangu, binti wa Rongo,

Abner amenisimamia kama askari jela mpaka nikamaliza kusoma. Hata alitaka kujua umesema nini. Nikamwambia mke wangu ananisalimia. Akasema, "Na hiyo salamu mbona imekutoa jasho?"

Ni mimi niliyeomba. Lakini sikukuficha, nilikuambia! Kumbuka siku tuliyomweka Jeconia wakfu. Wageni walikuwa wameenda, wewe uko kwenye kochi unamnyonyesha. Nikasema, "Nyar Rongo, naona tuombe leseni ya kuuza pombe dukani, unaonaje?" Ukasema, "Sawa." Mimi si mtu wa kudandia neno, nikakuuliza tena. Ukasema, "Sawa, zima taa." Sasa hiyo kama si ruhusa ni nini?

Millicent, ile supamaketi mpya ya karibu na stendi itatumaliza. Wanauza sukari kwa bei ambayo wewe na mimi tunanunulia. Mkate hivyo hivyo. Utashindana nao na nini, viberiti? Kitu ambacho hakiko njia yote ya kupanda mlima ni bia. Si kwamba watu wa hapo hawanywi. Wanakunywa, ila hupanda boda mpaka mjini kuinunua, wakirudi wanaificha ndani ya jaketi.

Usiogope neno baa. Ni friji moja na rafu moja. Hakuna kiti wala muziki. Mtu ananunua, anafungiwa, anaenda kunywa kwake. Wewe hutagusa hata chupa. Mimi mwenyewe nitasimama upande ule.

Mwambie Mama Bonareri Yesu mwenyewe alianza na divai. La, usimwambie, atahama kanisa.

Mume wako anayekupenda,
Calvince


Nyanchwa
17 Juni 2025

Baba Pam,

Kuhusu ile "sawa." Nilikuwa sijalala siku tatu, nimepikia wageni tangu alfajiri, na mtoto ananivuta titi. Ile sawa ilisemwa na usingizi. Jioni ile hata ungeniuliza kama tumuuze Jeconia ningekujibu sawa, zima taa. Mtu anayemjua mke wake angeuliza tena asubuhi.

Lakini sitaki tugombane juu ya hiyo. Nataka ujue mimi sikatai pombe kwa sababu ya watu wa mlima. Baba yangu alikunywa, na alikuwa mpole kuliko wengi wasioonja. Hawa watu wenyewe wamenichekesha wiki hii. Mchana wananipita kama sina macho. Juzi, Mzee Obwocha, yule wa nyumba ya bluu anayefungua mkutano kwa sala, aliingia akanunua chumvi. Akaangalia nyuma. Akasema, "Mama Pam, hiyo kitu ikikuja, si utakuwa unafunga na gazeti?"

Nikamwambia, "Kitu gani, Mzee?"

"Hiyo ya baridi."

"Soda?"

"Wewe mama, usinichezee. Funga na gazeti, na usiite jina langu kwa sauti."

Kwa hivyo wanunuzi nimewaona, na hesabu yako si ya uongo. Nilikaa nayo siku mbili nikijiambia labda una haki. Kisha afisa amerudi jana na masharti.

Mahali pa pombe mtu wa chini ya miaka kumi na minane haingii. Kama duka ni kubwa unagawanya kwa ukuta na kila upande una mlango wake. Letu ni chumba kimoja. Akaangalia chini, kwenye beseni ninamomlaza Jeconia kati ya gunia la mchele na mafuta. Akauliza, "Na huyu?"

"Huyu ni wangu."

"Najua ni wako. Ana miaka mingapi?"

"Miezi nane."

"Bado kidogo," akasema. Tulicheka wote, halafu mimi nikaacha kucheka, naye akaacha.

Nimeshuka mjini na Jeconia mgongoni, nikamwona Mzee Ishwar, kwa vile nyumba ni yake. Nilimwomba ruhusa ya kutoboa mlango wa pili. Lata, mke wake, akanipa kiti na chai, lakini mzee alikuwa anatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Mama Pam, hiyo ukuta ndio inabeba nyumba. Baba yangu alijenga. Ukitoboa hiyo, nyumba inakaa chini kama ng'ombe. Leseni ni maneno yako na serikali, mimi siingii. Ukuta hapana."

Sasa fikiria asubuhi ya hapa. Nani huingia dukani kwetu kabla ya saa mbili? Hakuna mtu mzima mlima huu anayekuja mwenyewe kununua mkate. Hutuma mtoto. Wanakuja na pesa zimefungwa kwenye ncha ya leso, wanasimama mstari, kila mmoja anaimba alichotumwa asisahau: "Maziwa moja na mkate nusu, maziwa moja na mkate nusu." Hao wakikatazwa mlangoni, mama zao hawatajifunga kanga washuke. Watamtuma mtoto duka lingine, na akizoea huko harudi.

Na hata hao niwaache. Mimi ninalelea watoto wangu ndani ya hili duka. Pam akitoka shule huja nyuma ya kaunta, anavua viatu, anafungua vitabu vyake juu ya kreti. Jeconia amejifunza kukaa akishikilia gunia la unga. Sina mahali pengine pa kuwaweka. Ukileta pombe ndani, watoto wako wanatoka nje. Jibu hilo kwanza.

Halafu jibu na hili. Umesema wewe mwenyewe utasimama upande ule. Utasimamaje hapa na uko Ekerenyo unanunulia tajiri ndizi?

Millicent


Ekerenyo
20 Juni 2025

Nyar Rongo,

Usijisumbue. Mambo ya watoto nimeshayapanga zamani, nilikuwa nangoja tu wakati wa kukuambia.

Jeconia tutamtafutia msichana wa kukaa naye nyumbani, kwa ile chumba. Pam ameshakuwa mkubwa, ataenda kwa Mama kule Oyugis. Shule iko karibu na boma, hewa ni nzuri, na Mama yuko peke yake tangu mzee atuache. Nimeshamwambia, na amefurahi mpaka akaimba. Wewe ni mke wa nyumba ile, unajua desturi yetu. Bibi akishaahidiwa mjukuu, huendi tena kumwambia basi, nimebadilisha. Utakuwa umemvua nguo mbele ya watu.

Ni kwa muda tu. Duka likisimama tutamrudisha.

Ile ya kusimama upande ule tutaongea nikija.

Calvince


Oyugis
23 Juni 2025

Nyar Rongo, mke wa mwanangu,

Simu ni ya kusema mtu amefika salama. Habari ya mtoto huandikwa, ndiyo maana nimevaa miwani.

Umenitoa machozi. Wasichana wa siku hizi hawaachilii mtoto aende kwa mama mkwe. Wanasema tutamlisha samaki wenye miiba na kumfundisha kunusa tumbaku. Lakini Calvince ameniambia ni wewe mwenyewe uliyesema, "Pam aende akamshike bibi mkono." Mungu akuzidishie.

Nimeshatengeneza kitanda. Fundi aligongomea miguu yake, mimi nikafuma kamba mpya. Nimemtengea kuku mwenye madoa, huyo mayai yake ni ya Pam. Nimewaambia wanawake wa kanisa wote, hata wale tusiosalimiana. Kila mtu anauliza, "Nereah, mjukuu anafika lini?"

Kitu kingine nakushukuru ni vile unavyomvumilia mume wako tangu ile kazi ya ndizi ikatike wakati wa Pasaka. Mimi nilimwambia kuchuma chai ya watu si aibu, na si aibu pia kurudi nyumbani. Akaniambia, "Mama, nirudi nikae wapi? Kwa stuli ya mke wangu?" Huyo ni baba yake mtupu. Labda hiyo biashara ya pombe itampa mahali pa kusimama.

Nibusie Jeconia. Nangoja siku.

Mama yako,
Nereah


Nyanchwa
26 Juni 2025

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi chini nikaisoma tena. Ninachokuandikia ni kigumu, na nakiandika kwa heshima yote niliyo nayo kwako. Kama ningekuwa mbele yako ningepiga magoti kwanza.

Si mimi niliyesema Pam aje. Mimi nilijua siku tatu kabla ya wewe kuniandikia, wakati kila kitu kilikuwa kimeshapangwa. Simsemi mume wangu vibaya kwa mama yake. Nasema tu mahali neno lilikotoka, usije ukanishukuru kwa kitu ambacho si changu.

Pam hatakuja kukaa. Mama, usiione kama dharau. Sijasema utamlisha vibaya. Najua kwako angenenepa. Lakini mimi huamka kabla ya ndege na kulala wa mwisho, na siku nyingine nikiwa pale dukani miguu inakataa. Halafu naangalia chini namwona amelala kifudifudi juu ya gunia anaandika A yake, ulimi nje, na miguu inakubali tena. Nikimtoa pale ili nipate nafasi ya chupa za bia, nitakuwa nauza nini na namuuzia nani?

Najua umeshawaambia watu. Aibu hiyo nipe mimi niibebe. Waambie mke wa mwanao ni mgumu, amekataa. Sitakana. Likizo ya Agosti nitamleta mwenyewe, alale kwa hicho kitanda, amalize mayai yote, na nitamsalimia kila mmoja wa hao wanawake kwa jina.

Kuhusu kazi ya ndizi, asante, Mama. Sikujua. Amekuwa akiniandikia kama mtu aliye kazini.

Binti yako,
Millicent


Oyugis
29 Juni 2025

Nyar Rongo,

Nimekasirika siku moja nzima. Sikula. Jioni nikaenda kwa maombi nikawaambia wanawake, "Mjukuu haji. Mke wa mwanangu ni mgumu."

Mmoja akauliza, "Mgumu kama nani?"

Wote wakaniangalia mimi. Nami nikafungua wimbo.

Agosti, basi. Usichelewe.

Nereah


Nyanchwa
3 Julai 2025

Baba Pam,

Nimetoka kwa kamati sasa hivi, hata viatu sijavua. Abner yuko mlangoni anapiga honi nimpe barua hii. Ataingoja.

Tulikuwa wengi. Kuna waliokuja kuombea kilabu, kuna mwenye hoteli, kuna mimi na Jeconia mgongoni. Ishwar alikuja akakaa nyuma kabisa, eti anapita tu. Nusu ya mlima ilikuwa pale, Mama Bonareri mbele na Biblia kifuani. Mzee Obwocha naye alikuwepo kwa kona, sikujua amekuja upande gani, na nadhani hata yeye hakujua.

Wakaita jina langu. Mwenyekiti akauliza, "Kuna wanaopinga?" Mama Bonareri na watu wake wakasimama. Nami nikasimama.

Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani. "Mama, wewe si mwombaji?"

"Ndiye mimi."

"Basi keti. Tunataka wapingaji."

"Na mpingaji pia ni mimi."

Watu wakaanza kucheka. Akagonga meza. "Mama, mtu hawezi kuomba na kupinga. Hakuna mtu wa namna hiyo."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, ni kwa sababu hujawahi kuwa mke wa mtu."

Baba Pam, hata karani alilaza kichwa mezani. Mwenyekiti mwenyewe alitoa kitambaa akafuta miwani muda mrefu. Halafu akasema, sasa kwa upole, "Haya, jipinge."

Sikuwa na maneno mengi. Nilisema duka ni chumba kimoja na ukuta wake hautobolewi. Nilisema wanunuzi wangu wa asubuhi hawafiki kimo cha kaunta. Nikamgeuza Jeconia wamwone, nikasema huyu hulala kati ya mchele na mafuta, na dada yake husomea pale, na sina duka lingine wala watoto wengine. Sikusema pombe ni mbaya. Nilisema haienei mle ndani. Nikaomba ombi langu lifutwe, na nikaweka sahihi mbele yao.

Nje, Mama Bonareri alinikumbatia akasema Bwana amenitumia. Nikamwambia, "Amina, na tangu juma lile hujaja kununua hata kiberiti, naye Bwana ameona." Akacheka akashindwa pa kutazama. Mzee Obwocha alinipita akinong'ona, "Mama, umeniua. Hizi boda za usiku zitanimaliza."

Sasa nije kwako.

Najua kuhusu ndizi. Usimkasirikie mama yako, alidhani najua, kwa kuwa kila mke angepaswa kujua. Tangu Pasaka unachuma chai ya watu halafu unaniandikia kuhusu tajiri. Mimi nikiulizwa na watu, "Mzee yuko wapi?" nawajibu kwa kiburi, "Yuko kazini Ekerenyo." Nilidhani kazi ndiyo imekuweka huko. Kumbe ni aibu. Ungeniambia. Ungeniamsha kabisa, unipe maji usoni, uniambie.

Ulitaka leseni ili upate upande wako wa kusimama. Nimekuelewa, na hilo ndilo limeniuma kuliko pombe. Ulikuwa tayari mtoto wetu atoke ili wewe upate nafasi ya kuingia. Calvince, nafasi yako haijawahi kuchukuliwa na mtu. Asubuhi mimi siwezi kufika soko la Daraja Mbili mapema na mtoto mgongoni, kwa hivyo nanunua mboga zilizobaki baada ya wengine kuchagua. Wewe unajua ndizi, unajua wakulima wa Ekerenyo kwa majina, unajua mkungu utaiva lini kwa kuutazama tu. Supamaketi haina mtu kama huyo. Hawa watoto wa asubuhi wangenunua ndizi mbivu ya kwenda nayo shule, nami sina wa kuniletea. Sijui kama itatosha. Sikuahidi nyumba ya mawe. Lakini hiyo ni kazi, na mwenyewe nitakuwa nakuita bosi mbele ya watu ukitaka, nyumbani tutaona.

Na likitushinda duka, tutafunga duka tutafute lingine. Watoto hawatoki. Hapo sirudi nyuma hata uniandikie barua za gunia zima.

Mwenyekiti aliniuliza mwisho, "Na mume wako anajua umefuta?" Nikamwambia atajua leo jioni. Akatikisa kichwa, akasema, "Pole kwake."

Najua utakasirika. Una haki. Nimefuta bila kukuuliza kitu ulichokiomba bila kuniuliza. Kasirika basi. Ila usikasirikie huko Ekerenyo peke yako. Abner ana nafasi mbele, nimeshamwambia akungoje ukusanye nguo. Panda, kasirika njia nzima, na ukifika bado umekasirika, ingia hivyo hivyo.

Mke wako,
Millicent